Kikombe cha Ukurasa wa Ishirini na Sita

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Leo nitapunguza muziki, kwa sababu aliyetutoka alitufundisha kusikiliza.

Jumanne asubuhi tumempoteza mwandishi wa vitabu vya watoto, yule mliyemzoea kwa jina la Mama Vikombe. Alikuwa na miaka sabini na minne. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili na vitabu ishirini. Hicho cha ishirini hakukiona kikitoka kiwandani, na habari yake ndiyo iliyonileta hapa.

Mama Vikombe alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Hadithi aliziandikia nyumbani, kwenye meza ya jikoni, kwa penseli, vyombo vikishaoshwa. Binti yake, ambaye leo ni mpima ardhi, ananiambia, "Mimi nilikulia chini ya meza ile. Penseli ikinyamaza, najua mama anagombana na mtu ambaye hayupo."

Sasa, hivyo vikombe. Kila hadithi, kabla ya kwenda kwa mchapishaji, aliisoma kwanza darasani. Mtoto akiinua mkono kuomba ruhusa akanywe maji, alimruhusu. Kisha alichora kikombe kidogo pembeni mwa ukurasa. Maana yake ilikuwa moja tu: hapa hadithi imechosha. Akirudi nyumbani, alikifuta kikombe pamoja na maneno yaliyokileta.

Nilipata kumuuliza, humu humu studio, kwa nini asijiamulie mwenyewe. Akanijibu, "Mwamba ngoma huvutia kwake, mwanangu. Nikiachiwa mimi, kila ukurasa ni mtamu. Lakini mtoto akichoka, kiu humjia hapo hapo." Kisha akaitazama glasi yangu. "Na wewe, swali lako lilivyokuwa refu, umekunywa mara mbili." Fundi mitambo wetu alicheka mpaka akajifunika uso kule nyuma ya kioo. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa nimepatikana.

Kitabu chake cha kwanza kilimhusu kuku mwenye kiatu kimoja. Mswada aliupeleka mbio mbio, siku ya kufunga shule, akasahau kurekebisha kurasa tano. Vikombe vitano vikabaki pembeni. Mchoraji hakuuliza. Alidhani ni maagizo. Basi akachora kikombe dirishani, kikombe juu ya paa, na kingine kichwani kwa kuku. Maboksi yalipofunguliwa, Mama Vikombe hakuona pa kuuweka uso wake. Kila mahali hadithi ilipochosha pamepigwa rangi, katika nakala elfu tatu.

"Alininunia mwaka mzima," anasema mchoraji, ambaye sasa ni babu mwenye miwani minene. "Tukikutana kwenye ngazi, ananisalimia kwa mgongo."

Kilichowapatanisha ni barua za watoto. Waliandika, "Tumepata vikombe vitano. Kuna vingine?" Tangu hapo, kila kitabu chake kimekuwa na vikombe vya kutafuta, na yeye akapata jina.

Mwaka jana maradhi ya koo yalimnyang'anya sauti. Fikirini, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyeishi kwa kusoma, hana sauti. Akawa anazungumza kwa kuandika kwenye daftari. Na humo humo akaandika hadithi yake ya mwisho. Kuku yule yule, sasa amezeeka. Ukurasa wa ishirini na sita anamwachia kifaranga wake kiatu, analala, haamki tena.

Mhariri wake hakuutaka ukurasa huo. "Mama, nakuheshimu sana," alimwambia, "lakini huu utoke. Watoto wataogopa, wazazi watatupigia simu." Yeye akaandika, "Wataamua watoto." Wakakubaliana hivyo. Kikitokea kikombe ukurasa wa ishirini na sita, hata kimoja, unatoka.

Nani asome? Akabaki binti. Alikataa kwanza. "Mimi nasoma ramani, Mama." Lakini siku ilipofika alikuwepo, saa nne asubuhi, mbele ya watoto arobaini, katika darasa lile la zamani. Mama yake alikaa nyuma na penseli, mhariri kando yake.

Kurasa zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Hakuna mkono ulioinuka. Ukafika ule wa ishirini na sita. Kuku akalala. Binti akasoma nusu, sauti ikamkwama. Akaziweka karatasi mezani. "Nakwenda kunywa maji," akasema, akatoka mpaka bombani.

Watoto hawakumfuata. Msichana mmoja akamuuliza mwenzake, "Kiatu kitamtosha kifaranga?"

"Akikua."

Kule nyuma, Mama Vikombe akachora kikombe. Sheria ni sheria, hata ikiwa mwenye kiu ni mwanao. Mhariri ananiambia, "Nilikiona. Nilikuwa nimeshinda, na sikufurahi hata kidogo."

Binti akarudi, uso umelowa. Akasoma mpaka neno la mwisho. Kisha akaenda nyuma, akakiona kikombe.

"Mama, mimi sikuchoka."

Mama yake akaandika chini ya kikombe, polepole: "Najua. Mchoraji akichore hiki. Safari hii kimoja tu." Akampa mhariri mswada. Mhariri akautia mkobani, na ukurasa ule hakuutoa.

Mwandishi amefariki Jumanne. Kitabu kimetoka Alhamisi. Mhariri alipeleka nakala ya kwanza nyumbani kwa wafiwa, na binti akafungua moja kwa moja ukurasa wa ishirini na sita. Kuku amelala. Kando yake kuna kikombe.

Akawaita wanawe wawili, akawasomea kwa sauti, kwenye meza ile ile ya jikoni. Akakwama pale pale. Mjukuu mkubwa akainuka, akamletea mama yake maji. Akanywa, akaendelea.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa mhariri na mchoraji, na kwa wote waliojifunza kusoma wakikitafuta kikombe cha kuku yule, tunawapa pole kutoka moyoni. Mimi ni mmoja wenu, na nimeumia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachieni jambo moja la kutafakari. Je, ni lini mara ya mwisho ulipomsomea mtoto? Msomee leo, jua halijazama. Sauti ikikukwama, usione haya. Nenda kanywe maji, kisha rudi umalizie.