Chupa ya Kando ya Mfereji

Nice alikuwa ametoka kazini hospitalini, na alichotaka ni kusinzia tu mpaka Tengeru. Lakini ndani ya Noah ya abiria iliyokuwa ikishuka mlimani alijikuta katikati ya kijana mgeni mwenye raba za kukimbilia na mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa akiguna peke yake.

"Shikamoo, mama," kijana akasema, kiroba cha chupa tupu kikiwa mapajani.

"Marahaba, baba. Unaziuza hizo?"

"Hapana, niko likizo, nimetoka Dodoma. Kila ninapokwenda nakimbia asubuhi, na takataka nikizikuta njiani naziokota."

Wenzake wakiwa likizo hulala, Nice aliwaza.

Mama akachungulia kirobani, akachomoa chupa iliyofungwa kitambaa chekundu. "Hii umeitoa wapi?"

"Kando ya mfereji. Ilikuwa juu ya kijiti."

"Nani anasimika takataka kwenye kijiti? Hiyo inaonyesha leo maji ni zamu yangu. Isipokuwepo, mwenye shamba la chini anajua nimemwachia. Nimeamka nikakuta maji yanaingia migombani kwa shemeji yangu, maharage yangu hayajapata hata tone. Nimemwita mwizi mbele ya wanawe!"

"Nisamehe, mama. Nilidhani nasaidia."

"Najua," mama akasema, sauti imemwishia. "Ungekuwa mwizi ningekupigia yowe. Sasa wewe nikufanyeje?"

Gari likasimama Tengeru. Mama akabaki amekaa, chupa mkononi, akimuuliza dereva anageuza saa ngapi, apate kurudi juu kwa shemeji yake.