Bi Tabu na Nzi wa Mwezi wa Ramadhani

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Tabu Mashaka anastaafu baada ya kuwatunza nzi wa matunda wa maabara yetu ya jenetiki, hapa Temeke, kwa miaka thelathini na mmoja. Nzi anaowaacha ni kizazi cha mia nane cha wale aliowakuta.

Kazi yake ilikuwa kuwalisha ndizi mbivu na kuwahesabu. Aliwaita "wanangu", isipokuwa waliotoroka kwenye chupa. Hao walikuwa watoto wa jirani.

Mwaka 2019, Erasmus Kamugisha, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa na kanuni ya hisabati iliyoonyesha kwamba uteuzi asilia unawaondoa nzi wenye macho ya kahawia. Katika chupa nne walikuwa wametoweka. Katika chupa ya tano walibaki wao tu. Hiyo akaiita kasoro. Kanuni yake ilichukulia kwamba kila chupa ina nzi mia nne mwaka mzima.

Wiki moja kabla ya Kamugisha kutetea tasnifu, Bi Tabu alimfuata na daftari. Kila Ramadhani, kwenye safu ya idadi, alikuwa ameandika neno moja: "Wapo." Akisema, angeweza kufukuzwa. Akinyamaza, kijana angeaibika mbele ya watahini.

"Baba'angu, zile ndizi za nazi ulizofuturu hapa miaka mitatu," alimwambia, "zilikuwa za nzi."

Kamugisha, Mkristo wa Bukoba ambaye hakukosa futari hata siku moja, aliuliza nzi walikuwa wakibaki wangapi.

"Ishirini. Siku nyingine kumi na wawili. Na wewe ulikuwa unaongeza sahani."

Basi haukuwa uteuzi. Nzi wakiwa wachache hivyo, bahati tu huamua macho yapi yataendelea kurithiwa, na kila chupa ilipata bahati yake. Kamugisha aliomba miezi minne, akaandika kanuni upya, idadi ikishuka na kupanda. Chupa ya tano ikaacha kuwa kasoro. Watahini walipouliza kwa nini nzi hupungua siku kumi na moja mapema kila mwaka, alijibu ukweli mtupu, Bi Tabu akiwa amekaa kiti cha nyuma. Alifaulu.

Uongozi ulimwandikia Bi Tabu barua mbili siku moja: ya onyo kwa ajili ya ndizi, ya pongezi kwa ajili ya daftari. Zote amezitundika sebuleni kwake Keko.

Bi Tabu, ahsante kwa kuitaja idadi ile siku ambayo kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Nenda kapumzike, ule ndizi zako mwenyewe, na asiwepo wa kukuhesabia.