Nguo za Mama Mi-hwa Zilisubiri Mvua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko shambani na redio umeitundika mtini, iongeze sauti kidogo, maana mvua hii ya leo inapiga kelele kweli.

Leo tunamkumbuka Ham Ok-bun, mlinzi wa moto wa kijiji cha Solgol. Ham Ok-bun. Najua wengi mnajiuliza ni nani huyo, kwa sababu kijijini kwake hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Mama Mi-hwa, kwa jina la binti yake wa pekee. Alifariki tarehe tatu mwezi wa nne, akiwa na miaka sabini na minane. Jumamosi hii zinatimia siku mia tangu atutoke, na hadi juzijuzi nguo zake zilikuwa hazijachomwa. Karibu miezi mitatu, nguo za marehemu zimekaa sandukuni. Hayo ndiyo tutakayosimulia.

Mlinzi wa moto si mzimamoto, tusichanganye. Mzimamoto huja na gari, moto ukishawaka. Mlinzi huja kabla. Huanza theluji inapoyeyuka na nyasi zinapokauka, na hamalizi hadi mvua za mwezi wa sita. Mama Mi-hwa aliifanya kazi hiyo misimu kumi na tisa. Kofia nyekundu, koti jekundu la pamba, pikipiki ndogo yenye kipaza sauti nyuma. Akiona moshi hakuwa na salamu.

“Bibi Kang! Moshi huo wa nini? Kama ni chai, naja kunywa. Kama ni mabua, naja kuzima!”

Bibi Kang, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akijibu kutoka nyuma ya nyumba, “Ni chai!” Kisha unasikia maji yanamwagwa haraka haraka juu ya mabua ya pilipili.

Sasa turudi nyuma miaka ishirini. Mwezi wa tatu mwaka ule alifariki Nam Chil-bong, mume wa Mama Mi-hwa. Akazikwa mlimani, juu ya kijiji. Siku ya tatu, kama ilivyo kwetu, mke alipanda kaburini na nguo za mumewe ili azichome zimfuate. Mtu asipochomewa nguo zake atakaa huko na baridi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Mama Mi-hwa hakuwa mzembe. Alibeba ndoo ya maji. Alifyeka nyasi pande zote. Alichoma shati, suruali, soksi, na mwisho kabisa koti la mumewe, lile zito lililojazwa pamba. Lilipokwisha kuwaka alimwaga maji yote, akageuza majivu kwa kijiti, akaona weusi mtupu. Akashuka nyumbani kuandalia wageni.

Lakini pamba haizimiki kama kitambaa. Inaukumbatia moto ndani na kukaa nao kimya. Mchana upepo ukashuka kutoka milimani, ule upepo wetu wa machipuko unaovua vigae. Wageni walikuwa bado wanakula supu pale moshi ulipoonekana.

Mi-hwa, bintiye, ametuambia hivi: “Nilimuuliza mama miaka mingi baadaye, kwa nini hukuyashika majivu kwa mkono? Akasema, ‘Niliona haya, mwanangu. Watu wamesimama, mimi niyapapase majivu ya nguo za baba yako?’ Aliona haya tu, basi.”

Hakufa mtu. Hakuna nyumba iliyoungua. Kilichoungua ni mlima wa mzee Pyo Dok-su, misonobari yote, hadi ukingoni.

Ninyi wa bonde hili mnajua msonobari ni nini. Chini yake huota ule uyoga wa vuli unaonukia. Ukoo wa Pyo uliuchuma vizazi vitatu. Watoto walisoma kwa uyoga, mabinti waliolewa kwa uyoga. Na mahali unapoota haambiwi mtu, hata mke haambiwi. Baba yake Pyo alimnong'oneza mwanawe siku tatu kabla ya kukata roho, akamtajia jiwe gani, shina gani, upande gani. Msitu ukiungua, uyoga huo haurudi miaka thelathini, arobaini. Pyo alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alibaki na siri ya mahali pasipo na kitu.

Jioni ile alifika uani kwa Mama Mi-hwa, uso umejaa masizi. Mama Mi-hwa akapiga magoti mbele yake, paji la uso hadi chini.

“Inuka,” mzee Pyo alimwambia. “Ukipiga magoti uyoga utaota?”

Akaondoka. Hakumsalimia tena.

Mama Mi-hwa alishtakiwa, akapewa adhabu yake, akaitumikia. Mwaka uliofuata ofisi ya wilaya ilitangaza nafasi ya mlinzi wa moto wa Solgol. Akaenda kujiandikisha. Karani alisoma jina, akainua macho.

“Mama, si wewe ndiye uliye—”

“Ndiye mimi. Andika.”

Akaandikwa. Wasikilizaji wapendwa, msimu wa kwanza kijiji kizima kilimcheka. Vijana walimwita Mama Kiberiti. Yeye akapita na pikipiki yake, asubuhi mara mbili, mchana mara tatu. Wazee waliozoea kuchoma kingo za majaruba ya mpunga ili kuua wadudu, alikaa nao, akawaambia wanaokufa ni buibui wanaokula wadudu hao. Mabua ya pilipili akayapeleka kwenye mashine ya kukatakata. Hayo yote yaliwezekana. Kilichokuwa kigumu ni nguo za marehemu.

Maana watu hufa mwezi wa tatu. Watu hufa mwezi wa nne. Nchi ilivyo kavu, na upepo ulivyo, unamwambiaje mjane asimchomee mumewe nguo?

Mama Mi-hwa alikuwa akifika msibani na sanduku tupu. Analia na wafiwa kwanza, anakula nao, halafu anaomba nguo. Anaandika jina la marehemu juu ya sanduku, analipeleka ghalani kwake, na pale linakaa hadi mvua za mwezi wa sita. Siku ya mvua ya kwanza ya maana, wafiwa wote wa msimu ule wanashuka mtoni kwenye kokoto, wameshika miavuli, wanachoma pamoja. Leo mnaona ni kawaida ya Solgol. Ilianza na yeye.

Bibi Kang mwenyewe alifiwa na mume mwezi wa nne. Alimpigia kelele mlangoni.

“Mume wangu atembee uchi miezi mitatu? Wewe mwanamke una moyo wa namna gani?”

“Avumilie,” Mama Mi-hwa alimjibu. “Wangu mimi alifikiwa na nguo siku ya tatu, na msitu wa watu ukaungua juu yake. Unadhani anazivaa kwa raha?”

Bibi Kang akaenda kuleta nguo.

Na mzee Pyo? Miaka mitano ilipita bila neno. Kisha msimu wa sita, mchana wa upepo, Mama Mi-hwa aliona moshi nyuma ya nyumba ya Pyo. Mzee alikuwa anachoma mabua kwenye pipa. Bibi Kang, ambaye hakosi jambo, alikuwa ukingoni mwa shamba akasikia yote.

“Mzee Pyo, zima.”

“Unasema na mimi?”

“Na nani mwingine kashika kiberiti hapa?”

“Wewe! Wewe ndiye wa kunifundisha mimi habari za moto?”

“Mimi hasa. Mwingine atakuambia alichosoma. Mimi nakuambia nilichofanya.”

Mzee Pyo akachukua ndoo, akamwaga. “Haya, nimezima. Nenda zako.”

“Bado. Weka kiganja.”

“Nini?”

“Kwenye majivu. Weka kiganja chako.”

Hakuweka. Basi Mama Mi-hwa akavua glovu, akaingiza mkono wake mwenyewe ndani ya pipa. Aliutoa kwa kasi. Kiganja kimeiva, ngozi imevimba. Hakupiga ukelele. Akamwonyesha tu, kama mtu anavyoonyesha kitambulisho. Mzee Pyo aliangalia kile kiganja, kisha akaenda kuleta ndoo ya pili, na ya tatu. Hakuomba radhi, na hakumsalimia siku zilizofuata. Ila tangu siku ile moshi haukuonekana tena kwake.

Kovu lile alikufa nalo.

Tarehe tatu mwezi wa nne mwaka huu alipiga mizunguko yake ya asubuhi, akarudi kula. Bibi Kang alimkuta amekaa kizingitini, kofia kichwani, buti moja kavua, jingine bado. Daktari alisema ni moyo. Injini ya pikipiki ilikuwa ingali na joto.

Akazikwa mlimani kando ya mumewe. Na siku ya tatu, wasikilizaji wapendwa, familia ilipanda na sanduku la nguo zake. Tahadhari ya moto ilikuwa ya juu kabisa. Hewa ilikuwa kavu hadi midomo inapasuka. Lakini shemeji yake, Nam Chil-gu, mdogo wake marehemu Chil-bong, alikuwa amekwisha kufyeka nyasi.

“Shemeji yangu hakai uchi huko kwa sababu ya kanuni za ofisi,” alisema. “Miaka kumi na tisa kawatumikia. Siku moja tu tusimpe?”

Na Mi-hwa, binti, alikuwa na kiberiti mkononi. Anakiri mwenyewe. “Mama alikuwa anaogopa baridi kuliko kitu chochote. Mwezi wa saba analala na soksi! Nilikuwa namwona anatetemeka. Nilijua ni makosa, na ningewasha.”

Hapo ndipo mzee Pyo alipotokea, anapanda polepole na miaka yake sabini na mmoja. Chil-gu akamkabili.

“Mzee, umekuja kufurahi?”

“Nimekuja kubeba sanduku.” Akamgeukia binti. “Mi-hwa, mama yako aliwakatalia watu wangapi hapa kijijini?”

“Wengi, mzee.”

“Ukiwasha leo, wote hao aliwadanganya.”

Mi-hwa akakaa chini akalia, akalia sana. Kiberiti akakiweka mfukoni. Mzee Pyo akasema ghala halina mwenyewe sasa, kwa hiyo sanduku litakaa kwake. Akalitia mgongoni, akashuka nalo.

Zikaanza siku za kungoja. Mi-hwa alipiga simu kutoka mjini kila asubuhi. “Mzee, imenyesha?” “Bado.” Kesho yake tena. “Nimesikia huko kuna mvua.” “Manyunyu. Usinipigie kwa manyunyu.” Mwezi wa nne ukapita. Wa tano ukapita. Bibi Kang alimpelekea mzee Pyo mboga siku moja, akatoka na habari ambayo sasa anaijua kila mtu: “Nimemkuta kawasha moto wa chini ya sakafu, ule wa kupashia nyumba joto wakati wa baridi, mwezi wa tano! Jasho linamchuruzika, na sanduku la Mama Mi-hwa liko palepale kwenye joto. Namuuliza, una wazimu? Ananiambia, ‘Unyevu. Nguo zitaota ukungu.’ Unyevu gani, na nchi imekauka hivi?”

Mvua ilinyesha tarehe ishirini na tano mwezi wa sita. Mvua ya kweli, mto ukabadilika rangi. Mi-hwa alifika kwa basi la mchana. Wafiwa wa msimu huu walikuwa wanne, kila mmoja na sanduku lake na mwavuli wake. Sanduku la Mama Mi-hwa lilichomwa la mwisho. Shati, suruali, na soksi nyingi mno. Likabaki koti jekundu, lile la pamba.

Mzee Pyo hakulitupa motoni. Alitoa mkasi, akalifumua mshono kwa mshono, akachoma pamba konzi moja moja, huku mwavuli kaushika Mi-hwa. Ilichukua saa nzima. Wengine walikwisha kuondoka. Kisha akamwaga maji, juu ya mvua ile yote, akageuza majivu kwa kijiti, akamwaga tena.

Mwisho alichutama, akaweka kiganja. Akakiacha humo muda mrefu.

Mi-hwa akamuuliza, “Mzee, bado ni ya moto?”

“Yamepoa,” alisema. Hakuutoa mkono. “Ngoja kwanza kidogo.”

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mi-hwa, tunampa pole mzee Nam Chil-gu na ukoo mzima wa Nam na wa Ham, tunampa pole Bibi Kang aliyebaki bila mtu wa kugombana naye. Tunampa pole pia mzee Pyo Dok-su. Tulimwomba azungumze katika kipindi hiki, akasema hana la kusema.

Kwenu ninyi mnaosikiliza, sasa ni mvua, na wakati wa mvua ni rahisi kuniitikia. Nawaomba mfikiri mwezi wa pili, upepo ukirudi, nyasi zikiwa kavu, na nafasi ya mlinzi wa Solgol ikiwa wazi. Kama siku hiyo umezima moto wako na umekwisha kugeuka kwenda nyumbani, rudi. Usione haya. Vua glovu, weka kiganja.