Kamali, Dereva Aliyemwonea Mkewe Wivu

Ndugu, jamaa, majirani wa Kamembe, na ninyi mliopanda kutoka Bugarama tangu alfajiri, familia imenipa mimi Mutabazi, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma kama alivyoniagiza mwenyewe, bila kupunguza kitu.

Kamali Védaste alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 huko Mibirizi, mtoto wa kwanza kati ya watano, akabatizwa misheni mwezi huohuo, na alipokuwa na miaka sita wazazi wetu walivuka Rusizi pamoja naye wakakimbilia Bukavu, ambako sisi wengine tulizaliwa na sote tukakulia, katika mtaa wa Kadutu. Alianza shule ya msingi Septemba 1964, akaimaliza 1970 akiwa wa pili darasani, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku ile hakula, maana yule wa kwanza alikuwa jirani yetu na alipita mbele ya nyumba akiimba. Aliingia sekondari, akaiacha mwaka wa tatu kwa kukosa karo, akajifunza ufundi wa magari katika gereji moja ya Kadutu kuanzia 1974, na mwaka 1979 akapata leseni ya kuendesha, ile sisi tunayoita permi, akaajiriwa kuendesha lori la kubeba chai na maharage kati ya Bukavu na Uvira.

Tarehe 10 Agosti 1985 alifunga ndoa na Mukeshimana Béata, binti wa dereva wa gari la mikate ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na kwa hiyo alimfundisha binti yake kuendesha, na Mungu akawajalia watoto watatu, Shimwa aliyezaliwa 1986, Kalisa 1989, na Bella 1993. Mwezi wa Oktoba 1994 walirudi Rwanda kwa miguu kupitia daraja la Rusizi, wakaenda Mibirizi wakakuta ndugu za baba hawapo tena hata mmoja, nyumba haina paa, wakateremka wakapanga vyumba viwili hapa Kamembe. Mizinga ilipolia ng'ambo Oktoba 1996, baba yake Béata alifariki Bukavu wiki hiyohiyo, akazikwa binti yake akiwa amesimama upande huu wa mto, na tangu hapo kitu alichobaki nacho cha baba yake kilikuwa ni namna ya kushika usukani.

Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998 na safari za Uvira zikawa za mashaka, Kamali aliacha lori, na tarehe 6 Machi 1999 akanunua gari dogo, Corolla nyeupe ya mwaka 1986, ambayo nyote mmeipanda. Asubuhi Béata, aliyekuwa na permi yake tangu Bukavu, alisambazia wateja mikate ya Maman Marguerite, mwenye tanuri, kwa gari hilo, akipita milima ya Gashonga na makona yake, na mikate ikipangwa juu ya masinia, asiyejua kukata kona polepole na kutoka nayo kwa kasi alifika na mikate sakafuni. Saa tatu Kamali alilipokea, akalipangusa unga, akapakia abiria wa Bugarama hadi jioni.

Klabu ya magari ilianzishwa Jumapili tarehe 13 Februari 2000, mwenyekiti akiwa Bwana Niyomugabo, mjane, mfanyabiashara wa mchele, na wengi wenu mliijua kwa vumbi lake, barabara ya udongo ya kilomita tatu na nusu inayozunguka mashamba ya mpunga kule Bugarama, gari moja moja likipimwa kwa saa iliyoshikwa na Maman Nasiba, muuza vitenge. Sharti lao lilikuwa moja, gari lije kwa magurudumu yake na Jumatatu lirudi kazini, kwa hiyo Jumapili baada ya misa walitoa kiti cha nyuma, gurudumu la akiba, jeki na mikeka, wakabandika karatasi kwenye taa zisipasuke kwa mawe, wakaandika namba mlangoni kwa chokaa, wakakimbia, kisha wakarudisha kila kitu. Kamali alikuwa namba nne, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemshinda, dakika tatu na sekunde ishirini na sita, na kaka yangu, ambaye hakuwahi kuwa wa kwanza kwa lolote, alitembea mjini kama mtu mwenye nyumba ya ghorofa.

Jumapili ya tarehe 17 Juni 2001 aliteguka kifundo cha mkono akifungua gurudumu, zamu yake ikakaribia, na Béata, aliyekuwa kivulini na Bella, akainuka, akasema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu:

"Papa Shimwa, mukono yako haiwezi kushika gia, nipatie funguo, tusipoteze zamu."

Alimpa akicheka, akasimama karibu na Nasiba, akaliona gari lake likiingia kona ya mfereji, pale ambapo yeye daima alifunga breki na kurusha udongo, likapita kimya kana kwamba nyuma kuna masinia ya mikate, likatoka upande wa pili likiwa tayari limeshika kasi. Nasiba alitazama saa, akaitazama tena, akasema kwa sauti, "Dakika tatu na sekunde kumi na mbili!" Vijana wa mashine za mchele wakapiga kelele, "Maman Mikate! Maman Mikate!" Kamali naye alipiga makofi, kwa mkono mmoja juu ya paja, na aliniambia baadaye kwamba wakati ule alisikia kitu kikimshika kifuani kama kucha.

Njiani kurudi alisema, "Ni gari njo ilikimbia, haiko weye. Miye nililitengeneza."

Béata akajibu bila hasira, "Basi liko lako, ulikimbize tuone."

Alilikimbiza mwezi uliofuata, mkono ukiwa umepona, akapata tatu na ishirini na nne, na Béata siku hiyohiyo akapata tatu na kumi na moja. Kuanzia hapo kaka yangu hakuwa na amani, kila akiona vidole vya mkewe vinakanda unga aliviona kwenye usukani, kila abiria akiuliza, "Huyu njo bwana wa Maman Mikate?" aliongeza redio, na zamu ya mkewe ilipofika alifunga matairi yaliyochakaa, akisema mazuri yanatunzwa kwa ajili ya taksi. Béata aliyaona matairi, akashinda nayo.

Sasa nasoma sehemu aliyoiandika kwa mkono wangu, neno kwa neno alivyonitajia. Mwanaume hawezi kusema barazani kwamba anamwonea mkewe wivu kwa sababu ya saa, watu watamcheka, lakini akisema anaona wivu juu ya mwanaume mwingine, watamvutia kiti. Basi Kamali aliuvaa wivu huo wa pili ili kuuficha ule wa kwanza, akaanza kusema mezani, na kwa kinyozi, na hata mlangoni mwa kanisa, kwamba Niyomugabo anamtazama mke wake, kwamba mjane hakuanzisha klabu kwa ajili ya magari. Hakuwa ameona kitu, wala hakushuku kitu, alijua anachosema hakipo. Maneno yalitembea, Niyomugabo akaacha kuja kusalimia watoto, na Béata, aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kwaya, akahamia benchi la nyuma bila kumweleza mtu sababu.

Agosti 2002 klabu moja ya Kigali iliomba Kamembe itume dereva mmoja kwa mashindano ya magari madogo ya tarehe 1 Septemba, na wanachama wote kumi na wanne wakamchagua Béata, Kamali naye akiinua mkono, kwa sababu waliinua wote. Ijumaa tarehe 30 alirudi nyumbani mkewe akiwa kwa Maman Marguerite, akaitoa permi ya mkewe katika mkoba, akafungua kwa bisibisi ubao wa ndani wa mlango wa gari, akaidondosha humo, akafunga. Béata alipekua nyumba nzima Jumamosi, akageuza magodoro, akalia, na bila permi hakuruhusiwa, kwa hiyo Kamali akasema, "Nitaenda miye, nafasi isipotee," akaenda, akawa wa tisa kati ya magari kumi na moja.

Alidhani angeirudisha wiki ileile, lakini kila siku iliyopita ilifanya kuirudisha kuwe kugumu zaidi, na kupata permi nyingine kulidai safari za Kigali na miezi ya kungoja, hivyo mikate ya Gashonga akapewa mtu wa pikipiki, Béata akabaki na wateja wa karibu, akiwapelekea kwa kikapu kichwani. Miezi mitano Kamali aliendesha gari huku ile permi ikigonga ndani ya mlango kila alipokata kona, na alinihakikishia kwamba aliisikia hata redio ikiwa juu.

Jumanne tarehe 11 Februari 2003, mvua ikinyesha, alikuwa akiteremka na abiria wanne, akamkuta mkewe pembeni ya barabara na kikapu kilichofunikwa nailoni, na Béata akasogea kwenye majani kumpisha, akawasalimu abiria kwa majina. Kamali alisimamisha gari, akatoa bisibisi, akapiga magoti kwenye tope, akafungua ubao wa mlango mbele ya watu wote, akamnyooshea ile permi.

"Ilikuwa mu mulango," alisema.

"Ni nani aliiweka mule?"

"Ni miye."

Béata aliifuta maji kwa kitenge, akaitia kifuani, akakitua kikapu miguuni pa mumewe.

"Bantu hawa bako na safari," alisema. "Miye nitabapeleka. Weye peleka mikate."

Akaketi kwenye usukani, akaondoka, na kaka yangu akabeba kikapu kichwani, nyumba hadi nyumba, na mliomwona siku ile mpo hapa, mlicheka, na mlikuwa na haki. Siku arobaini Béata hakumwambia neno zaidi ya "chakula hiki." Siku ya arobaini na moja alimwambia, "Permi nimekusamehe. Jina yangu je?" Kamali alijibu kwamba angezungumza na watu, akaahidi Pasaka, Pasaka ikapita, akaahidi mkutano wa klabu, akafika, akakaa, akaondoka, ulimi ukiwa mzito kuliko kikapu.

Mwezi wa Mei macho yake yalianza kuwa ya njano, akalazwa Mibirizi tarehe 19, madaktari wakakuta ini limeharibika, akatoka, akarudi tena Julai na Septemba, kila mara akiletwa na Béata, ambaye alikuwa amerudia usambazaji wa mikate na sasa akaendesha pia taksi.

Jumapili tarehe 12 Oktoba 2003 aliomba apelekwe Bugarama, tukamketisha kwenye kiti cha plastiki, amejifunika blanketi katika joto lile, akamwomba Nasiba ampe saa, na zamu ya namba nne ilipofika aliishika kwa mikono miwili. Béata alipita kona ya mfereji, akarudi, akavuka mstari, na Kamali akabonyeza, akaomba tumwinue, akasimama, akatangaza kwa sauti ambayo hatukujua bado anayo, "Tatu na sekunde nane! Hakuna muntu alishafika pale!" Halafu aliketi, akaniambia pembeni, "Kidole ilitaka kungojea. Sekunde mbili tu, ili asishuke chini ya tatu na kumi. Bado inaniuma, Mutabazi, hata sasa inaniuma kumuona. Lakini nilibonyeza." Kesho yake aliniita na karatasi, akaanza kunitajia haya mliyoyasikia.

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Novemba 2003, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita, ameacha mjane, watoto watatu na sisi ndugu wawili tuliobaki hai.

Jana nilimpelekea Maman Shimwa karatasi hizi, nikamwambia, shemeji, tunaweza kuruka ile sehemu ya mwenyekiti, mbele ya jeneza si lazima. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia, akasema, "Soma yote, na usome kwa sauti. Alisema jina yangu vibaya mbele ya bantu, alisafishe mbele ya bantu." Kwa hiyo, Bwana Niyomugabo, wewe uliyeketi nyuma kabisa wakati nafasi yako ilikuwa hapa, kaka yangu anakuomba msamaha kwa kinywa changu, hukufanya lolote, na familia inakusihi usogee mbele ubebe jeneza pamoja nasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mibirizi waliomhudumia kwa uvumilivu, majirani wa Kamembe waliopika na kukesha, Maman Marguerite kwa mikate ya msiba, Maman Nasiba na jamaa za msikitini waliotuletea viti, madereva wa taksi waliofunga kazi leo, na wanachama wa klabu waliokuja na magari yao yakiwa na viti vyote.

Kamali, mtoto wa mama yetu, umelisema uliloshindwa kulisema ukiwa hai, na mkeo amelisikia, basi uende ukapumzike kwa amani.