Alistidia Hakuwa Mvivu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Onesphory, mdogo wake marehemu, shule niliiacha darasa la sita, lakini karatasi hii nimepewa mimi kwa sababu Ngenge nzima hakuna sauti inayofika mbali kama yangu, na leo ndiyo ninayoijutia.

Dada yetu Alistidia alizaliwa tarehe 14 Machi 1995 hapa Ngenge, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa mzee Privatus Rutaihwa na mama Klaudia, akamaliza darasa la saba mwaka 2009, na miaka hiyo yote, tukitoka kisimani, yeye alitua ndoo mara tatu njiani akihema, mimi nikimpita mbio na kupiga kelele, "Bibi Mapumziko, ukifika tutakuwa tumeshakula!", jina mnalolijua wote, kwa kuwa nililieneza mimi, tena kwa bidii.

Mwaka 2012 alianza kushona nguo Miembeni, Bukoba mjini, tarehe 9 Septemba 2017 akafunga ndoa na shemeji Joackim, wakajaliwa binti, Annastella, mwaka 2019, na baada ya uzazi huo pumzi ikazidi kumkata, sisi wenyewe tukaamua ni pumu, na waliosema ni uvivu wa kupalilia kibanja cha migomba nao wamekaa hapa mbele, ninawaona.

Tarehe 11 Juni 2025 nilimsindikiza Bukoba kupimwa eko, ile picha ya moyo unaopiga, akalazwa kwa ubavu wa kushoto, daktari akapitisha kifaa kifuani, nami sikuweza kunyamaza, nikasema, "Daktari, tuoneshe na uvivu umekaa wapi," naye akanigeuzia skrini, akanionesha valvu ya mitrali, mlango wa damu ndani ya moyo, nyuzi zake zote zimeshikwa na nguzo moja badala ya mbili, njia ya damu imebana, akaniambia alizaliwa hivyo.



Tulipotoka nje akaniambia, "One, uliyenitangaza ni wewe, sasa katangaze na hili," nikamwahidi Jumapili baada ya misa, Jumapili ikafika nikaona aibu, nikajiambia nitangoja afanyiwe upasuaji Dar es Salaam, lakini maji yalijaa mapafuni kabla ya zamu yake, na tarehe 3 Septemba 2025 akafariki hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na mafundi wenzake wa Miembeni walioshona gauni alilovaa sasa.

Dada, natangaza, nimechelewa: hukuwa mvivu, ulibeba ndoo kubwa kama yangu kwa moyo wenye nguzo moja. Itue. Pumzika kwa amani, leo hakuna atakayekupita mbio.