Alama ya Chaki Karibu na Dirisha

Asanteni kwa kunipa nafasi katika mkutano huu wa wagonjwa, bamama na batata, mama na baba zetu. Niacheni kwanza niwasalimu wa kushoto bila kugeuza mabega. Jambo kwenu. Na ninyi wa kulia, jambo. Mnacheka, lakini wagonjwa wenzangu wa shingo mnajua salamu hiyo imetoka mbali.

Nilizaliwa Lubudi, karibu na reli, na tangu ujana sikutulia mahali. Hapa Kolwezi nilibeba mifuko ya mawe ya shaba kutoka mashimoni kwa miaka, mpaka shingo ikaanza kuuma. Nikakimbilia Mutshatsha kuuza makaa, nikidhani nitapona. Nilikuwa na tabia moja: kila nikihama, nageuka nyuma kuangalia mahali ninapopaacha mpaka papotee. Siku nilipotoka Mutshatsha juu ya lori, nilitaka kuiangalia ile nyumba yetu ndogo, shingo ikakataa. Nilisikia tu mbwa wa jirani akibweka nyuma yangu.

Niliporudi hapa Kolwezi nikanunua pikipiki ya kubeba watu. Lakini mnaijua barabara yetu na malori yake. Dereva asiyeweza kuangalia nyuma anatafuta kifo. Mke wangu akaficha ufunguo, akasema nitauona siku nitakayogeuza kichwa kama watu wengine.

Ndipo nikaenda kituo cha afya, kwa binti wa kine, yule anayefundisha mwili kusogea tena. Alikuwa na kiti katikati ya chumba. Unakaa, anakufunga mabega kwa kitenge ili yasisaidie, unageuza kichwa hadi mwisho wako, naye anapiga chaki ukutani pale pua inapoelekea. Halafu anakuuliza maumivu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi. Alama yangu ilikuwa msalaba mdogo. Mama mmoja muuza samaki, aliyeharibiwa shingo na beseni la kichwani, alianza wiki ileile nami. Yeye alipewa kiduara.

Ndugu zangu, nawaambia, kile kiduara kilininyima raha. Msalaba wangu ulikaa palepale karibu na mlango. Kiduara chake kilitembea ukutani kila juma kuelekea dirisha. Akiulizwa maumivu ni ngapi, anajibu kwa sauti ya chini, nami nainama kifua kizima ili nisikie, maana kugeuka siwezi. Sikusikia kitu. Nikaanza kuhesabu anavyofanyiwa. Kitambaa cha moto cha kukandia kinakaa kwake muda mrefu kuliko kwangu. Wanacheka pamoja. Pengine ni wa kabila moja. Pengine kuna dawa wananificha. Nikifika nyumbani namsimulia mke wangu, hadi akachoka. Akaniambia, "Ule mama unamuwaza sana kuliko mi. Kamuoe basi, mulale na shingo yake."

Nikaamua nimpite. Mliochimba mtanielewa. Kule mashimoni timu mbili zikifuata mshipa mmoja wa mawe, anayepumzika anakuta wenzake wameshafika. Basi mazoezi niliyoambiwa nifanye polepole, mimi niliyafanya kama mchimbaji. Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili nikakivuta kwa nguvu, jasho linatoka, na kila nikivuta nakiona kile kiduara.

Asubuhi moja kichwa kilikataa kuacha mkeka. Mke wangu alikiinua kwa mikono yote miwili, taratibu, kama anaepua sufuria ya moto.

Nilipofikishwa kituoni, chaki yangu ilirudi nyuma ya alama ya kwanza kabisa. Yule mama alikuwa kwenye benchi. Alinihurumia. Hilo liliniuma kuliko shingo.

Nikamwambia binti wa kine yote, hata habari ya dawa iliyofichwa. Hakukasirika. Alisema, "Tata, hapa haiko mu shimo. Hakuna wa kwanza kufika." Kisha akamuuliza yule mama kama anakubali nijue hali yake.

Mama akasema, "Mi bado naumia, tata. Usiku inauma sana. Lakini sasa nasukaka batoto nywele. Zamani sikuweza kuinama."

Kumbe maumivu yake yalikuwa karibu sawa na yangu. Wivu wote ule, ndugu zangu, nilimwonea mwenye mzigo kama wangu.

Binti akaniuliza, mimi shingo imeninyima nini? Nilitaka kusema kazi. Mdomo ukasema kugeuka nyuma. Nikawaeleza habari ya Lubudi, mama yangu amesimama kando ya reli na leso yake ya kijani, nami dirishani mwa treni nikimwangalia hadi akawa nukta.

Tangu siku hiyo binti hakunipima kwenye ukuta ule. Mke wangu aliisukuma pikipiki hadi uani mwa kituo, ufunguo akiwa ameukunja kwenye kitenge chake. Nakaa juu yake, natulia, nageuka, nasema ninachokiona nyuma. Mwanzoni niliona ukuta peke yake. Baada ya majuma, bomba la maji. Kisha jiko la kituo. Tulikwenda polepole hadi nikachukia.

Siku moja nikageuka, nikaliona lango lote. Na langoni anaingia nani? Yule mama, na beseni jipya kichwani, tupu, kalibeba bila kulishika kwa mkono. Wivu ukanichoma palepale. Lakini shingo haikurudi mbele. Nilimwangalia hadi akafika karibu yangu, na mke wangu akaniwekea ufunguo mkononi.

Nawashukuru hao wanawake watatu. Mgonjwa anayeanza leo namwomba jambo moja: atafute kitu chake mwenyewe alichonyimwa, ajipime kwa hicho, na chaki ya jirani aiache ukutani.

Mimi bado naumwa. Ila juma lijalo napeleka abiria Lubudi, na nikiondoka kule nitageuka.