Maximilla Mpawenimana, Msomaji wa Majina ya Waliopotezana

Baba Paroko, ndugu, majirani, nanyi mliotoka Kasulu, Nyarugusu na ng'ambo ya mpaka, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Wasifu huu umeandikwa na familia pamoja na viongozi wawili waliofanya kazi na marehemu, Bi. Esperance na Bw. Sylvesta. Unasomwa na binti yake wa kwanza, Prudence.

Marehemu Maximilla Mpawenimana alizaliwa tarehe 9 Februari 1971 huko Ruyigi, Burundi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mpawenimana na mama Theodosia. Mwezi Mei 1972 wazazi wake walikimbia mauaji. Baba aliuawa njiani. Mama alifika mto Malagarasi akiwa na Maximilla mgongoni na kifurushi cha mtama kichwani. Mtoto wake wa kwanza, Nduwayezu, aliyekuwa na miaka sita, alimponyoka mkononi katika msongamano wa watu pale kivukoni. Mama alimwita mpaka sauti ikakauka, kisha watu wakamvusha kwa nguvu. Walipokewa hapa Kumsenga na familia ya Waha waliowapa kipande cha shamba na jembe moja. Mama Theodosia aliishi hapa miaka arobaini na sita, na muda wote huo hakutaka jina la mwanawe litajwe nyumbani. Aliyelitaja alitumwa kuchota maji, hata kama mitungi ilikuwa imejaa.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Kumsenga kuanzia 1979 hadi 1985. Alifaulu, ila nafasi ya sekondari hakupata. Mwalimu mmoja aliyehamishwa alimwachia sanduku la vitabu vya hadithi. Akawa anavisoma kwa sauti huku mama yake akichambua maharage, na baada ya muda majirani nao wakaanza kuja na maharage yao.

Tarehe 18 Julai 1992 alifunga ndoa takatifu na Bw. Tharsisi Nkunzimana, fundi seremala. Mungu aliwajalia watoto watatu. Baba ametuomba tuseme wazi kwamba mkewe hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Alipoulizwa na wazee kwa nini hamkatazi, aliwajibu, "Nimkataze nini? Anakokwenda anakwenda kufanya kazi ya Mungu, na akirudi anarudi amechoka kama mimi."

Kuanzia 1996 alikuwa mkalimani wa zahanati katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Aliona kwamba maonyo ya kipindupindu yaliyobandikwa ukutani hayasomwi na mtu, akatunga mchezo wa kuigiza juu ya bwana mmoja mbishi asiyenawa mikono. Watu walicheka, wakanawa. Kambi ilipofungwa mwaka 2012, waigizaji wake karibu wote walirudishwa Burundi, na yeye akabaki Kasulu na ngoma mbili na kipaza sauti kibovu.

Juni 2013 alianzisha Kikundi cha Tuonane akiwa na wenzake wawili. Esperance, mwandishi wa michezo, alikuwa mkimbizi kutoka Kongo anayeishi kambi ya Nyarugusu. Sylvesta, Muha wa Kasulu, alikuwa fundi wa redio. Walirekodi michezo na kuipiga kwa kipaza sokoni, walionyesha filamu kwenye kumbi za makanisa mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi, na kiingilio hakikuwepo. Katikati ya kila onyesho Maximilla alisimama na daftari, akasoma majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Rekodi za majina hayo wafanyabiashara walizibeba kwenye kadi za kumbukumbu za simu mpaka masoko ya mpakani na ng'ambo. Kwa miaka kumi na mmoja watu mia mbili na tatu walipatikana, wengine wakiwa hai, wengine makaburi tu.

Wengi wenu mnakumbuka Busunzu, mwaka 2016, mashine ilipokufa filamu ikiwa katikati. Sylvesta alihangaika na nyaya, watu wakaanza kuinuka. Maximilla akasimama mbele akaimalizia filamu yote mwenyewe: akawa mume, mke, hakimu na mbuzi. Waliporudi Busunzu mwezi uliofuata na mashine mpya, mzee mmoja aliuliza, "Hii ya leo ni ya umeme au ya mama? Kama ni ya umeme, mimi nakwenda shambani."

Kazi hiyo ilimla. Pikipiki ilikuwa moja, viongozi watatu, na barabara ya Kibondo wakati wa masika mnaijua. Kilichomchosha zaidi ni watu waliomfuata baada ya kila onyesho, wakimuuliza kama jina lao limejibiwa, na yeye akasema bado, bado, bado.

Viongozi hao walikuwa wamekubaliana jambo moja tangu mwanzo: majina ya ndugu zao wenyewe yatasomwa baada ya watu wote kwisha, wasije wakaambiwa wamejipendelea. Watu hawakwisha. Mama Theodosia alipofariki mwaka 2018, Esperance alimwambia, "Mama Prudence, tunasomaka majina ya batu yote. Ya kaka yako iko wapi?"

Alijibu, "Foleni ni foleni."

Novemba 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo na kukonda. Januari 2024 hospitali ya rufaa Mwanza ilituambia ni kansa ya ini. Alitibiwa huko mara nne, na mara ya tano alikataa kwenda. Agosti ya mwaka huo, marehemu akiwa kitandani, Esperance na Sylvesta walivunja makubaliano bila kumuuliza. Walirekodi jina la Nduwayezu, mtoto wa Theodosia, aliyepotea Malagarasi mwaka 1972. Maximilla aliposikia alikasirika sana.

"Nani aliwaruhusu?" aliuliza.

Sylvesta alimjibu, "Hakuna. Tuandikie barua ya onyo, mwenyekiti."

Hakuandika. Oktoba 2024 mchuuzi wa maharage alileta namba ya simu. Nduwayezu alikuwa hai, mkulima huko Ruyigi. Siku ile ya kivukoni aligeuka akafuata njia aliyojia, akafika kwao, akalelewa na jirani. Walizungumza kwa Kirundi dakika kumi na moja, simu ikiwa wazi, sote tukisikia. Maximilla alimwambia, "Kaka, tulikupoteza."

Akajibu, "Mimi sikupotea. Nilikaa nyumbani nikiwasubiri. Mliopotea ni ninyi."

Baada ya hapo wakaulizana habari za mvua na bei ya mbegu, maana la kukumbuka pamoja hawakuwa nalo. Alipokata simu aliomba maji, akageukia ukutani, akalia. Tulipomuuliza kama ni furaha au uchungu, alisema, "Mama angeweza kuuliza. Ruyigi ni safari ya siku mbili." Hakulizungumzia tena.

Bi. Maximilla alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kasulu, akiwa na miaka hamsini na minne. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Tumemleta Kumsenga alazwe karibu na mama yake, kama alivyoagiza.

Ameacha mume, Bw. Tharsisi Nkunzimana, watoto watatu, Prudence, Nsabimana na Louise, wajukuu wanne, na kaka yake, Nduwayezu, aliyefika jana jioni na ambaye leo yuko pamoja nasi kwa mara ya kwanza. Ameacha pia viongozi wenzake wawili, na daftari lenye majina mia nne kumi na tisa ambayo hayajajibiwa. Esperance na Sylvesta wanasema watajaribu. Hawakuahidi zaidi ya hapo, nasi hatukuwadai.

Mama amechoka kweli. Ee Bwana, umpe mahali pa kukaa asiposumbuliwa na mtu, apumzike kwa amani yako.